Chuma cha Kambini

Nilipokuwa mtoto, kila likizo ya Agosti mama alinitoa kwetu Tawa na kunipeleka Makindu kwa Susu, bibi yangu mzaa mama, na kila nilipofika Susu alininawisha miguu vumbi, akanipa uji kwenye kibuyu, kisha akanionya kuhusu Kambini. Hakuwahi kusahau hata mwaka mmoja. Mwaka ule wa mambo yenyewe nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne, na onyo lake nilikuwa nalijua kwa moyo kuliko hesabu za kuzidisha. Kwa hiyo nilimtangulia. "Chuma cha Kambini hakiokotwi," nikasema kabla hajafungua kinywa. Susu akanikamata sikio akalisokota. "Asi! Unacheka kitu kilichokula babangu?"

Niseme mapema kwamba nina hasira. Watu wakiniomba niwasimulie habari za mjomba wangu Mutua, huwa wanatarajia nitikise kichwa, nicheke kidogo, niseme wazee wetu walikuwa na mambo yao. Mimi sitikisi kichwa. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimefundisha watoto wa wenzangu kusoma na kuandika, na bado nikisikia mtu anataja Kambini nauma meno.

Kambini palikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwa Susu. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, Waingereza walipiga kambi hapo kuilinda reli, na Wajerumani wakawa wanakuja kutoka upande wa Tanganyika kuilipua. Wakapigana humo vichakani. Mimi nilichokiona ni mitaro iliyojaa mchanga, mawe yaliyopangwa mstari na mtu fulani aliyekufa zamani, na miiba. Baba yake Susu aliletwa hapo akiwa Kariakoo. Ndivyo walivyoitwa wanaume waliokamatwa vijijini wakalazimishwa kuwabebea wanajeshi mizigo kichwani. Susu alikuwa msichana mdogo siku walipomchukua. Aliyerudi ni jirani yao, na huyo jirani alisema tu kwamba mzee amekufa Kambini na amefukiwa na wenzake katika shimo moja. Amekufa na nini? Jirani hakusema. Susu aliolewa Makindu baadaye sana, na nadhani hakuna siku aliyovuka ile reli bila kufikiri kwamba baba yake yuko pale chini.

Kwa hiyo alikuwa na imani yake. Alisema chuma kilichomwaga damu kina njaa, na aimu, yaani roho za waliokufa bila kuagwa, wanakaa ndani yake. Ukikileta nyumbani kitatafuta wa kumla. Hakikupona kwa maji wala kwa maombi. Dawa yake ilikuwa moja, na ilikuwa yetu sisi, kwa sababu ukoo wetu ni wa wahunzi: chuma chochote cha kuokota, hata kama ni msumari wa reli, lazima kwanza kiogeshwe moto. Kinawekwa kwenye makaa, kinapulizwa mpaka kinakuwa chekundu, ndipo kinasahau kilikotoka na kinaweza kuitwa chetu. Hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Jembe la kununua dukani halikuogeshwa, lakini cha kuokota kiliogeshwa.

Mjomba Mutua, mtoto wa mwisho wa Susu, ndiye aliyerithi kiwanda cha uhunzi. Alikuwa kama na miaka thelathini hivi, hajaoa bado, mcheshi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kwa mikono ile alitengeneza visu, mishale na majembe, lakini kitu kilichompa jina mpaka miji ya Wote na Machakos ni minyororo ya shaba. Alivuta shaba mpaka ikawa uzi, akaukata, akausuka pete moja ndani ya nyingine, ndogo mpaka mimi mwenye macho ya kitoto nilishindwa kuona inapoungana. Nilikaa naye mchana kutwa. Aliniita "fundi msaidizi" ijapokuwa mila haikuruhusu msichana kugusa mivuo, zile ngozi za mbuzi za kupulizia moto, na nikizisogelea alinirushia kipande cha mkaa.

Shida yake ilikuwa shaba. Haikupatikana ovyo. Ndiyo maana alipokuja yule Mzungu, mjomba alimpokea kwa mikono miwili.

Alikuja na gari la kijani lenye turubai, na barua yenye muhuri iliyosema anaruhusiwa kutafuta mabaki ya vita. Alikuwa na mashine: fimbo ndefu, chini yake ina kitu cha duara mfano wa sinia, na waya unaopanda mpaka kwenye vikombe viwili alivyovaa masikioni. Alitembea polepole akilipitisha lile sinia juu ya ardhi, na palipokuwa na chuma chini, mashine ililia. Watu wa hapo hawakuchelewa kumpa jina. Wakamwita Bwana Masikio. Alikuwa na adabu zake, siwezi kukataa. Alisalimia wazee kwa kuvua kofia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani kwa Wazungu, lakini kilimtosha kuagiza maji, kununua kuku, na kubishana juu ya bei ya yule kuku.

Makubaliano yake na mjomba yalikuwa haya: mjomba achimbe kila mahali mashine inapolia, na chochote ambacho Bwana Masikio hakitaki kitakuwa cha mjomba. Susu aliposikia, sufuria ya mboga ilibaki ikiungua jikoni.

"Mutua, utamchimba babu yako?"

"Mama, sichimbi mtu. Nachimba vyuma."

"Na viko wapi hivyo vyuma, kama si ndani ya watu?"

"Mzungu ana barua."

"Barua! Babangu naye alichukuliwa na barua." Akakaa chini, akajifunga leso kichwani kwa nguvu. Kisha akasema, "Ukishindwa kunisikia, basi kila kitu kitakachotoka huko kiogeshwe kabla hakijavuka ua wangu. Kila kitu. Niapie."

Mjomba akaapa, huku akinikonyeza.

Mimi niliruhusiwa kumpelekea chakula mchana, lakini mwisho wangu ulikuwa kwenye tuta la reli. Nikifika hapo nipige kelele, mjomba apande achukue muthokoi wake. Sikuvunja amri hiyo hata mara moja, na sikuwa na haja ya kuivunja, kwa sababu tuta lilikuwa juu na Kambini yote ilikuwa chini yangu. Nilikaa pale saa nzima nzima nikitazama.

Niliona Bwana Masikio anavyochagua. Vifungo vya makoti ya wanajeshi alivifuta kwa brashi ya mswaki na kuvilaza kwenye pamba. Maganda ya risasi, bizimu za mikanda, beji ya kofia, vyote viliingia sandukuni. Siku ya tatu mjomba alitoa sufuria iliyotoboka na vijiko viwili vya bati. Vilikuwa vya Kariakoo hivyo, nani mwingine alikuwa anapika ndani ya mtaro? Bwana Masikio akavigeuza kwa ncha ya kiatu. "Hii hapana taka," akasema, nikamsikia kutoka juu. Akavisukuma upande wa mjomba. Wakati ule sikuona ubaya wowote. Leo ndio naona, na nikiikumbuka ile ncha ya kiatu damu inanichemka. Labda babu yetu alikula kwa kijiko kile.

Siku ya tano, saa sita mchana, nilikuwa juu ya tuta na kikapu changu. Mashine ililia, mjomba akachimba, akatoa kitu cha ukubwa wa chungwa, kirefu kidogo, kimeliwa na kutu, na upande mmoja kina kizibo. Alikikwangua kile kizibo kwa kisu. Shaba! Akacheka kwa sauti, akakirusha juu, akakidaka, akakirusha tena kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Bwana Masikio alivua vile vikombe masikioni. Alikwenda akakichukua kutoka kwa mjomba kwa mikono yote miwili. Hakukitupa kwenye rundo la vyuma chakavu alivyozoea kutupa vingine. Alitembea nacho hatua kama ishirini, hatua ndogo ndogo, akapiga magoti, akakiweka chini ya kichaka, akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali mara nyingi. Kisha akaingia ndani ya gari.

Gari lilikuwa chini ya mgunga, kwenye kivuli pekee kilichokuwapo Kambini. Akaliwasha akalitoa kwenye kivuli, akaenda nalo mbali, karibu na njia, akalisimamisha juani. Ndani ya jua la Makindu la saa sita, jamani! Akakaa humo akala mkate wake, jasho likimtoka mpaka mimi nililiona. Alipomaliza alimwita mjomba kwa mkono, wakaendelea kuchimba upande mwingine kabisa.

Hakusema neno. Hapo ndipo roho yangu inapokwama kila mara. Kwa ajili ya kifungo cha koti mtu huyu alikuwa anapayuka "pole pole, pole pole" mpaka mate yanamtoka, mjomba asije akakikwaruza na jembe. Neno alikuwa nalo. Alijua alichokishika, akaliokoa gari lake, na mjomba wangu akamwacha hajui.

Jioni mjomba alikipitia kichakani, akakitia mfukoni. Kilikuwa chake, si ndivyo walivyokubaliana? Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, "Mjomba, mbona Mzungu amehamisha gari kutoka kivulini?"

"Labda alikalia siafu," akasema.

Tukacheka njia nzima, tukiigiza Bwana Masikio akiumwa na siafu.

Kufika karibu na nyumba mjomba alinishika bega. Vyuma vya siku nne za kwanza alikuwa ameviogesha vyote mbele ya Susu, kama alivyoapa. Hiki hakutaka kukiogesha. Moto mkali ungemwaga ile shaba kwenye makaa, ipotee. Alitaka kesho akifungue kizibo taratibu, akiwa peke yake. "Usimwambie Susu," akaniambia. "Nikipata uzi wa kutosha nitakusukia wewe mkufu." Akakificha nyuma ya kiwanda, ndani ya chungu kilichovunjika.

Nilikuwa na uwezo wa kukaa na siri. Nilikuwa nimeshakaa na siri za mama, za shule, za watoto wenzangu. Lakini asubuhi yake, nikiwa naosha vyombo, kikombe cha Susu kilinitoka mkononi kikapasuka. Kilikuwa kikombe cha maua, zawadi kutoka kanisani, na hakuna mwingine aliyekuwa anaruhusiwa kukinywea. Nilisimama pale na vipande, na kitu kimoja tu kikaja akilini mwangu: kimeanza. Chuma kimeanza na kikombe. Kitafuata mbuzi, kitafuata mtu. Mtoto aliyelishwa onyo moja miaka yote ile angefikiri nini kingine? Nikaenda mbio kwa Susu nikamwambia kila kitu, kichaka, mfuko, chungu, na ahadi ya mkufu.

Sijawahi kumwona Susu akikimbia isipokuwa siku ile.

"Mutua! Chuma cha babangu unakilaza nyuma ya ukuta wangu? Uliniapia!"

Mjomba alitoka akinawa uso. Akanitazama. "Umenisema, eh?" Lakini hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo linaloniumiza. Alitabasamu, akakitoa chunguni, akampa Susu akione. "Mama, ni shaba tu."

"Kiogeshe. Sasa hivi. Nikiona."

"Itapotea shaba yangu yote."

"Ipotee!"

Mjomba akainua mabega, akawasha makaa. Kiwanda chake kilikuwa na ukuta mfupi wa udongo uliomtenga mvuta mivuo na moto ili asiungue uso. Akakiweka kile kitu katikati ya makaa kwa koleo, akakaa nyuma ya ukuta, akaanza kuvuta. Susu na mimi tulisimama mlangoni mwa nyumba, ng'ambo ya ua. Susu alikuwa anazungumza na baba yake kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, akimwambia asikasirike, kijana hakukusudia, chuma kinaoga, kitasahau. Nilimshika leso. Nilijisikia vizuri. Nilijua nimemwokoa mjomba.

Mjomba aliinuka kidogo, akanyoosha mkono wa kulia na koleo ili akigeuze.

Mlio ule siwezi kuueleza. Nilijikuta nimeanguka, na kinywa changu kimejaa vumbi, na makaa yanawaka juu ya paa la ghala. Susu alikuwa bado amesimama. Ukuta wa udongo haukuwapo. Mjomba alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia ameuweka mapajani, na mkono ule ulikuwa umebaki na kidole gumba tu. Uso ulikuwa mweusi na mwekundu. Alikuwa anauliza kwa upole, "Nani amezima jua?"

Gari la kijani lilifika kabla hata majirani hawajakusanyika. Bwana Masikio alikuwa ameusikia mlio. Aliruka chini, akatazama moto, akamtazama mjomba, na hakuuliza ni nini kilichotokea. Kila mtu aliyeingia ua ule aliuliza, "Ni nini? Ni nini?" Yeye hakuuliza. Alivua shati lake akamfunga mjomba mkono, akamlaza kwenye gari juu ya blanketi yake mwenyewe, akampeleka hospitalini. Siku ile yote watu walimsifu. Mzungu mwenye moyo. Angekuwa mwingine angekimbia.

Kesho yake alipita kutuaga, masanduku yameshapakiwa. "Pole sana, mama," akamwambia Susu. Na Susu akauchukua mkono wake, akaufungua kiganja, akakitemea mate ya baraka. Huo ndio wema wa mwisho mzee wa kwetu anaoweza kumpa mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepewa mara mbili tu maishani. Alimbariki mtu yule kwa safari njema, uzao mwingi na maisha marefu. Bwana Masikio akaufumba mkono, uso umemwiva, akaingia garini.

Mama alikuja kutoka Tawa siku ya tatu. Nilimvuta kando nikamweleza habari za gari na kivuli. Alinipiga kofi kabla sijamaliza. "Aliyempeleka mjomba wako hospitali ndiye unayemsema hivyo? Unataka laana kwetu? Susu alishasema ni aimu. Yeye ndiye mwenye baba aliyelala pale, wewe unajua nini?" Sikumlaumu sana mama, alikuwa na hofu. Nilinyamaza, na kunyamaza kukawa tabia.

Mjomba aliponea chupuchupu. Jicho moja lilikufa, la pili likabaki na ukungu, na mkono wa kulia ukawa na kidole gumba peke yake. Hakusuka tena mnyororo. Alijaribu jembe kwa mkono wa kushoto, lakini watu hawakuleta majembe yao. Nani ampe chuma chake mtu aliyetembelewa na aimu? Walimpitia mbali njiani. Akina mama waliwaonya watoto wakimwonyesha kwa kidole: unaona mtu aliyekataa maneno ya mamake? Mwanamke aliyekuwa ameposwa kwa ajili yake, kwao wakabadili nia. Mchungaji wetu, ambaye alitukataza kabisa kuwataja aimu, alimsimamisha mbele ya kanisa atubu. Hakutubu kuhusu aimu, maana aimu hawapo. Alitubu uasi kwa mzazi. Mjomba akatubu, kofia mkononi. Nami nikaambiwa niimbe na wengine.

Na Susu akawa mtu mkubwa. Sitaki kumsema vibaya marehemu, lakini nisiposema nitapasuka. Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza. Onyo lake limetimia, walisema. Alikuwa anasimulia kisa chenyewe kwa huzuni na kwa fahari, vyote pamoja, na kila mara alimalizia hivi: "Tulikiogesha, lakini kilikuwa kimeshalala usiku mmoja bila kuoga. Tulichelewa." Usiku mmoja. Alikuwa anaamini kosa pekee la ule moto ni kuchelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko chuo cha ualimu, nilipokwenda kwa mjomba nikiwa nimeshiba hasira. Nilikuwa nimesoma. Nilijua sasa kile kitu kinaitwaje na hufanya nini kikipata moto, na nilijua kilikaa ardhini zaidi ya miaka hamsini bila kumdhuru mtu mpaka tulipokitia kwenye makaa. Nilimkuta mjomba anakamua mbuzi kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote: lilikuwa bomu la mkono, Mzungu alijua, alihamisha gari, hakuna aimu, hujamkosea mtu, wamekudhulumu miaka kumi na mbili. Na nikamwambia nakwenda sasa hivi ndani kumwambia Susu, kisha niende kwa mchungaji.

Mjomba hakuacha kukamua. "Kaa chini," akasema.

"Sikai."

"Kaa, wewe mtoto." Nikakaa. "Unafikiri mimi fundi chuma sijui chuma? Nilijua tangu hospitali. Chuma hakiruki chenyewe."

"Ulijua, na ukasimama kanisani ukatubu?"

"Nani aliniambia nikiweke kwenye moto?"

Nikatazama upande wa jikoni, alikokuwa Susu.

"Ukimwambia mama ni bomu," akasema, "umemwambia ni yeye. Atakaa pale jikoni na kuhesabu mwenyewe, moto nani aliusema, nani alisema sasa hivi, nani alisema ipotee. Ana miaka mingapi amebakiza? Mwache awe na aimu wake. Mimi mkono umeshakwenda."

"Na Mzungu?"

Hapo ndipo nilipomwona mjomba akikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kibuyu cha maziwa alikitua chini kwa nguvu mpaka maziwa yakamwagika. "Huyo," akasema. "Huyo mimi nambeba kila siku nikifunga kiatu." "Lakini siwezi kumfikia bila kumpitia mama. Unaelewa? Hakuna njia nyingine ya kumfikia."

Nilielewa. Sikukubali, na mpaka leo sikubali, lakini nilielewa. Nikauliza swali langu mwenyewe, lile ambalo lilikuwa limenileta kweli, ijapokuwa nilikuwa nimejidai nimekuja kwa ajili yake. "Na mimi niliyekusema?"

"Ulikuwa na miaka kumi," akasema. "Ulivunja kikombe." Akanipa maziwa yaliyobaki.

Tukanyamaza wote wawili, yeye kwa mapenzi na mimi kwa amri yake. Susu aliishi mpaka miaka ya tisini, akafa mzee sana, usingizini, akiwa hana deni na mtu. Siku ya mazishi watu walijaa ua mpaka nje. Mchungaji alikuwa mwingine, kijana, lakini kisa alikuwa amekirithi pamoja na kanisa. Alisimama kando ya jeneza akasema mama huyu alikuwa na neno la maono, na neno lake lilitimia mbele ya macho ya kijiji hiki, na ushahidi tunao hapa kati yetu, mtoto aliyeonywa na hakusikia. Akanyoosha mkono kuelekea mjomba. Watu wote wakageuka.

Mjomba alikuwa amekaa kiti cha mbele karibu nami, nywele zote nyeupe, kile kidole gumba kimeshika fimbo. Nilimnong'oneza, "Amekufa sasa. Sema. Au niache niseme mimi."

Akaniwekea ule mkono wake juu ya goti langu, akaukandamiza.

"Amina," akasema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuitikia.